Kabla hujaamini gazeti la kwenye maikrofilamu

Kwa kuwa nafuatilia historia ya huku kwetu Lindi, naulizwa mara kwa mara kama magazeti ya kwenye maikrofilamu, yaani mkanda wa filamu wenye picha ndogo ndogo za kurasa, yanaaminika. Picha ya ukurasa naiamini. Kilichoandikwa humo, na hasa kisichoonekana humo, ni mambo mengine.

Chukua kimbunga cha Aprili 1952. Wapo wazee hapa wanaohesabiwa umri kwa kimbunga hicho: huyu alikuwa anatambaa, yule alishaolewa. Ukikitafuta gazetini, usiishie tarehe ya tukio. Tanganyika Standard lilichapwa Dar es Salaam, na habari za Kusini zilikuwa na safari ndefu. Endelea kuzungusha mkanda hata wiki mbili mbele, kurasa za ndani usiziruke, maana hesabu ya siku ya kwanza huweza kusahihishwa baadaye kwa aya mbili zilizobanwa pembeni ya tangazo. Mambo Leo lilitoka kila mwezi, kwa hiyo tazama mpaka Juni.

Mwanzoni mwa mkanda mara nyingi pamepigwa picha kadi inayotaja matoleo yaliyokosekana na kurasa zilizochanika. Watu huipita mbio, halafu wanatangaza kwamba gazeti lilinyamaza, kumbe nakala iliyopigwa picha ndiyo ilikuwa pungufu! Gazeti lililojalidiwa nalo humezwa maneno ya karibu na mshono. Tarakimu ndizo balaa: 3 na 8 hufanana kabisa kwenye filamu iliyofifia, kwa hiyo linganisha kichwa cha habari na aya za chini. Mkanda ukinuka siki, mwambie mkutubi papo hapo. Ni filamu ya asetati, aina ya plastiki, inayooza.

Kuhusu mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, utasoma sana habari za matrekta na ekari. Jina la babu yako aliyeng'oa visiki usilitegemee humo. Hilo kawaulize wazee, tena mapema.

Kwa magazeti ya baada ya Uhuru, ujue pia kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966, na imepiga filamu magazeti mengi ya Afrika Mashariki.

Kabla ya kupanda basi kwenda Dar, piga simu maktaba uulize kama mashine ya kusomea mkanda ni nzima. Na ukipiga picha kioo kwa simu, hakikisha jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa vimeingia.