Kompyuta ya steshenari na toleo jipya kila nusu mwaka

SWALI: Shikamoo mjomba. Nina steshenari karibu na sekondari hapa Morogoro. Fundi alinipigia Ubuntu 25.10, mfumo endeshi kama Windows, kwenye kompyuta ya kuprintia, akasema nisipopandisha toleo kila miezi sita "itakufa". Bando la wiki linaisha kwa siku moja, na printa yangu ni ya kubembeleza. Kweli ni lazima? – Mama Steshenari

JIBU: Marahaba. Fundi hajakudanganya, ila amekuvalisha raba za mbio nawe kazi yako ni ya kukaa kaunta.

Tangu 2004, Ubuntu kwa kawaida hutoka kila Aprili na Oktoba, na namba yake ndiyo tarehe: 25.10 ni Oktoba 2025. Toleo kama lako huhudumiwa, yaani hupata masasisho ya usalama, miezi 9 tu, kwa hiyo mwisho wake ni Julai 2026. Lakini kila baada ya miaka 2, mwezi Aprili, hutoka lenye alama ya LTS, yaani la huduma ya muda mrefu, nalo huhudumiwa miaka 5. Panda mara moja, uingie 26.04, ambalo ni LTS, halafu tulia hapo. Kwenye mipangilio ya masasisho, chagua kuarifiwa matoleo ya LTS pekee.

Masasisho ya usalama ni habari nyingine. Hayo yaache yaingie kila yanapokuja, maana wewe kutwa unafungua mafaili ya watu usiowajua. Wengi wakichoshwa na matoleo mapya huzima vyote viwili, na hapo ndipo wanapokosea.

Mimi niliwahi kupandisha toleo Jumapili usiku, Jumatatu nadaiwa mitihani kurasa 300. Printa ikatoa nusu ukurasa, kisha karatasi nyeupe tupu: draiva ya zamani, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, haikupatana na mfumo mpya. Nikapeleka flashi kwa mshindani wangu ng'ambo ya barabara, akanitoza bei ya mteja. Kosa langu, si la mtu.

Hata Microsoft walipunguza kasi. Kuanzia 2017 Windows 10 ilikuwa ikipata toleo jipya mara 2 kwa mwaka. La Oktoba 2018 wakalisimamisha baada ya baadhi ya watu kukuta mafaili yamefutika. Mwaka 2021 wakahamia mara 1 kwa mwaka. Kwa mashine ya kazi, mimi hata hiyo naiona nyingi.

Subiri shule zifungwe Juni. Mwombe fundi 26.04 kwenye flashi yake, bando lako lipone. Washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kuipiga, uprinti ukurasa mmoja. Ukitoka safi, nakili mafaili yako pembeni, ndipo uendelee.