Jibu: mkopo wa bima na gawio la kaka yako

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama kaka yako aliyeko Marekani atakosa gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye bima) akikopa kwenye bima yake ya maisha yote, ile ya kudumu hadi kufa na yenye akiba ndani yake. Hakosi lote, ila kampuni hazifanani. Zipo zinazompa gawio lile lile kana kwamba hajakopa. Nyengine zile fedha za akiba zinazodhamini mkopo huzipigia kiwango cha gawio cha mbali, mara nyingi pungufu. Aulize yake ni ipi kabla hajatia saini.

Mimi ningeogopa riba zaidi (na hukumu yake muulizeni sheikh wenu). Isipolipwa hupanda juu ya deni. Deni likiipita thamani ya akiba iliyomo, bima huvunjika. Akifariki kabla hajamaliza kulipa, warithi hukatwa deni lililobaki kwenye fedha za bima.