Runx yangu ya 2003 siiuzi, na nitawaambia inakula nini

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: wewe unayeendesha gari la zaidi ya miaka 20, mbona hujaliuza mpaka leo, na linakugharimu nini? Mimi niko Mtwara mjini, nakaa Shangani, na gari yangu ni Toyota Corolla Runx ya mwaka 2003, toleo la Z, gia sita za kukanyaga klachi. Nimesoma majibu ya wenzangu wiki zilizopita naona watu wanajibu kwa mistari miwili, mimi naomba mnivumilie kwa sababu hii gari siwezi kuielezea kwa mistari miwili.

Kwanza niwatoe kwenye Runx mnayoijua. Runx zilizojaa mjini hapa ni za injini ya 1NZ, cc 1500, chesesi yake inaanza na NZE121, ni gari nzuri haina shida na fundi yeyote wa hapa anaifungua amefumba macho. Yangu chesesi inaanza na ZZE123. Ukipishana nayo barabarani utasema ni ile ile tu, ila ukifungua boneti unakuta 2ZZ, cc 1795, injini ambayo Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, nguvu za farasi 190 kwa hesabu ya Kijapani, na hao farasi wote hawapatikani mpaka mshale wa mizunguko ya injini (RPM) ufike 7600. Injini hiyo hiyo Lotus wa Uingereza waliichukua wakaiweka kwenye Elise. Kwa hiyo mtu akikuambia Runx ni Runx tu, mwambie hapana.

Siri yake iko kwenye kemshafti, ile shafti inayozunguka na kufungua valvu. Kwenye injini ya kawaida valvu inasukumwa na pua moja tu ya hiyo shafti, hii ina mbili za kupokezana, ndogo na kubwa. Ukiwa unatembea mjini inatumia ndogo, imetulia kabisa, mtoto analala kwenye siti ya nyuma. Ukikanyaga mshale ukafika kama 6200 hivi, presha ya oili inasukuma kijipini kidogo chini ya roka, ule mkono unaosukuma valvu, na pua kubwa inashika kazi, valvu zinafunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Hapo sauti inabadilika, siyo kuongezeka, INABADILIKA, kama vile kuna injini ya pili ilikuwa imelala ikaamshwa. Mimi nikishapita Mikindani naelekea Mingoyo, nyumba zimeisha, barabara nyeupe mbele hamna mtu wala mbuzi, naweka gia ya pili naivuta mpaka pale, na uzuri wake ni kwamba gia ya pili ukifika huko bado hata 80 hujaivuka. Sekunde mbili tatu, naweka ya tatu narudi kwenye mwendo wangu. Ni hizo sekunde ndizo zimenifanya nisiiuze.

Sasa rudini kwenye hilo neno, presha ya oili. Kila kitu kwenye hii injini kinategemea oili, siyo kulainisha tu kama gari zingine, oili ndiyo mkono unaofanya kazi. Ikipungua, ikichakaa, ikiwa nzito kuliko inavyotakiwa, hata injini ikiwa haijapata moto vizuri, ile pua kubwa haishiki. Hili nililijua kwa uchungu.

Nilinunua Novemba 2017, msimu ule korosho ilipita elfu nne kwa kilo mnadani, mjomba wangu wa Tandahimba alivuna vizuri akanikopesha iliyokuwa imepungua. Aliniuliza swali moja tu, "Mpwa, hiyo gari ya kukimbia itabeba magunia mangapi?" Nikamwambia mjomba haitabeba hata moja, akakaa kimya, halafu akanipa hela. Mpaka leo kila nikienda kwake anaizunguka gari anaitazama, na namshukuru sana kwa sababu yeye gari za aina hii hazimhusu kabisa.

Mwaka wa kwanza nikapeleka kubadilisha oili kwenye gereji moja, jina lake silitaji. Fundi akatazama kilometa akaniambia gari imezeeka hii, inataka oili nzito, akaweka 20W-50 kama anavyowawekea wote. Mimi nikaona fundi ndiye anayejua. Baada ya wiki nikaenda Lindi, nikapanda mshale mpaka 6200, kimya. Mpaka 7000, kimya, injini inanguruma tu inachoka, nguvu hamna. Nikarudi gereji, mara plagi, mara pampu ya mafuta, mara sensa, mashine ikachomekwa haikusoma kitu. Nililipa hela za plagi nne nzima ambazo hazikuwa na kosa lolote!

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa Chikongola, anafanya kazi chini ya mwembe, huyu sifa zake nitazisema mpaka kesho. Hakuwahi kufungua 2ZZ, na alinieleza hivyo hivyo bila kuficha, "Mwanangu hii sijawahi, lakini kaa hapa tuisome pamoja." Tukaanza na kumwaga ile oili nzito, akaweka 5W-30, akachomoa ile valvu ya oili akakuta kichujio chake kidogo kimejaa uchafu mweusi akakiosha. Pua kubwa ikaanza kushika lakini kwa kubahatisha, leo ndiyo kesho hapana. Jumamosi iliyofuata tukatoa tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini.

Pale ndani kila shafti ya roka imeshikwa na boliti moja ambayo pia ndiyo inayopitisha oili. Za miaka ile ya mwanzo zinajulikana kwa kuliwa, shafti inacheza kidogo kidogo inaikata boliti shingoni. Mzee akaifungua ya upande wa ekzosi, akaifuta kwa kitambaa, akanipa nishike. Kwa macho sikuona kitu. Akaniambia pitisha kucha. Nikapitisha kucha yangu taratibu kutoka kichwani kushuka chini, ikazama. Kulikuwa na mfereji mzima umezunguka ile boliti, mwembamba kama alama ya uzi uliofungwa kwenye kidole, na kilichobaki katikati kilikuwa chembamba mno, ningeendelea mwezi mwingine ingekatika na presha yote ingepotelea hapo. Zile boliti mbili mpya zilikuja kutoka Dar kwa bei ambayo ni ndogo kuliko zile plagi nilizouziwa bila sababu.

Tangu siku ile nimeweka utaratibu na siuvunji. Kila Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda, injini imelala usiku kucha imepoa, gari imesimama sawa, nachomoa kijiti nakifuta nakirudisha nachomoa tena. 2ZZ inakula oili kiasi na hasa ukiivuta, kwa hiyo ukisubiri taa nyekundu iwake dashibodi ujue umechelewa. Na hii injini ikinoki, yaani ikifa ndani, hakuna habari ya kupanua silinda na kuweka slivu kama mafundi wetu walivyozoea, kuta za silinda zake zimechanganywa madini maalum, unatafuta injini nyingine nzima na hizo hazipo nyingi. Naendesha na galoni ya oili kwenye buti muda wote.

Kuna kingine nawaomba wenye gari hii wakishike. Usimpe mtu ambaye hajazoea gia zake. Ukiwa ya tano unataka ya nne mkono ukateleza ukaingiza ya pili, magurudumu yanaizungusha injini kupita uwezo wake na pampu ya oili inapasuka meno, na pampu ikishapasuka mengine yote yanafuata ndani ya dakika. Mdogo wangu amenuna miaka mitatu kwa sababu simpi ufunguo. Nampenda, ila ufunguo hapana, nitampeleka anakotaka mwenyewe.

Spea ndiyo shughuli. Muuza duka ukimwambia Runx mkono wake unaenda moja kwa moja kwenye vitu vya NZE121, mimi nimeshaletewa vitu vya breki za nyuma za dramu wakati yangu nyuma ina diski, nikavirudisha kwa nauli yangu. Siku hizi nikipiga simu Kariakoo sitaji jina la gari kabisa, natuma picha ya kibati cha chesesi na picha ya kitu cha zamani kimewekwa pembeni ya rula. Halafu kinapandishwa basi, kilometa kama 560 mpaka Mtwara, asubuhi yake nakipokea stendi. Ikienda vizuri.

Mei 2024 haikwenda vizuri. Tensheni, kile kibano kinachokaza cheni ya taimingi, ilikuwa inavujisha oili, ni ugonjwa wa kawaida wa injini hizi, iko kwa nje imeshikwa na nati mbili tu lakini ikivuja inachafua upande wote wa mkanda. Nikaagiza, mzigo ukapandishwa basi, na mvua zile pamoja na kimbunga Hidaya zikakata barabara kule Somanga. Kusini tukafungiwa. Watu walikuwa na shida kubwa kuliko yangu, bidhaa madukani zilipanda, wagonjwa walikwama, kwa hiyo gari nikaipaki nikaifunika nikawa natembea kwa bajaji. Mzigo ulipofika mzee wa Chikongola akaifunga, na alinionya kitu nawaambia na ninyi, ikishatolewa ile tensheni usizungushe injini hata kidogo, cheni ikiruka jino moja umeharibu kazi, na mpya inafungwa ikiwa imebanwa na kindoano chake ndipo inaachiwa.

Chumvi ya bahari nitaisema haraka kwa sababu kila mtu wa Mtwara anaijua. Shangani upepo unaleta chumvi usiku kucha, matao ya tairi za nyuma yalishaanza kuchimbika nikachomelea na kupiga andakoti, ile rangi nzito ya kuzuia kutu chini ya gari, naosha chini kwa maji baridi kila wiki, na kila boliti ya chini inayofunguliwa inarudi na grisi. Usipofanya hivyo miaka miwili baadaye hutaifungua, utaikata.

Gharama mlizouliza. Oili nabadilisha kila kilometa 5000 pamoja na filta, nusu sintetiki siweki, ni sintetiki kamili, na dukani wananishangaa kila siku kwamba naweka oili ghali kwenye gari kuukuu. Mafuta natafuta kituo ninachokiamini kwa sababu mgandamizo wa injini yake ni mkubwa, 11.5 kwa 1, mafuta mabaya inaanza kugonga gonga kwenye mlima na huo mlio siuvumilii. Ukijumlisha mwaka mzima inanila zaidi ya Runx ya kawaida, hilo sikatai. Lakini fedha ya kununua gari lingine lenye roho hii mimi sina, na hata ningekuwa nayo Japani hawatengenezi tena injini ya namna hii kwenye gari dogo la kwenda nalo sokoni.

Mwezi uliopita kijana mmoja kaja kutoka Masasi amesikia habari zake, akanipa bei ambayo mke wangu aliisikia akaniangalia. Nikamwambia kijana aje Jumamosi asubuhi nimfundishe kupima oili, kama anayo ya kwake ya ZZE123 tutasaidiana spea, kuuza siuzi. Alikuja kweli, tukakaa mpaka saa nne.

Kwa sasa klachi imeanza kuteleza nikiwa gia ya tano mlimani. Diski na presha pleti vimepakiwa jana Dar, mzee ameniambia nimpelekee Ijumaa mchana baada ya swala.