Waya wa Ngapi? Maswali ya Wasomaji kuhusu Unene wa Nyaya za Umeme

*Asalaam aleikum. Nimeweka shawa ya maji moto kwangu Kisauni, imeandikwa 5500W. Fundi aliiunga kwenye laini ya soketi, waya wa 2.5. Breka ya 20 ikawa inaruka kila mara, akaja akaitoa akaweka ya 32. Sasa hairuki, lakini paipu ya waya juu ya dari ni moto ukiigusa na kuna harufu ya plastiki. Fundi asema ni joto la Mombasa tu. Ni kweli? — Mama wa Kisauni*

Waaleikum salaam, dada. Zima laini hiyo leo hii na uiache imezimwa mpaka waya ubadilishwe. Breka haikuwekwa kulinda shawa, imewekwa kulinda waya ulio ukutani. Ile ya 20 ilikuwa ikiruka kwa sababu waya ulibebeshwa kupita kiasi. Kuweka ya 32 juu ya waya ule ule ni kumziba mlinzi mdomo.

Tupige hesabu. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea: 5500 kwa 240 ni karibu 23. Lakini soma kibandiko vizuri, maana shawa nyingi zimeandikwa 5500W kwa 220V. Koili ya shawa kama hiyo ina ukinzani wa omu 8.8, nao umeme wa Kenya ni wa volti 240. Gawa 240 kwa 8.8 uone: ampea 27, na nguvu imepanda hadi kama wati 6500. Mafundi wengi huishia kwenye ile 23 wakaridhika.

Sasa njoo kwenye waya. Majedwali ya BS 7671 (kanuni za Kiingereza za kuunga nyaya), ambayo mafundi wengi hapa huyatumia, yanasema waya wa shaba wenye ganda la PVC ukipita kwenye paipu ukutani hubeba hivi: wa 1.5 ampea 17.5, wa 2.5 ampea 24, wa 4 ampea 32, wa 6 ampea 41, wa 10 ampea 57. Hizo 1.5 na 2.5 ni milimita za mraba za shaba yenyewe, ganda halihesabiwi.

Takwimu hizo ni za hewa ya nyuzi 30. Mombasa, Februari na Machi, kivulini tu mchana hufika 32 au 33, na juu ya dari chini ya mabati ni zaidi ya hapo. Kwa sehemu hiyo sisi hupiga hesabu ya nyuzi 45, na kizidishi chake ni 0.79. (Kwa nyuzi 35 ni 0.94, kwa 40 ni 0.87, kwa 50 ni 0.71.) Basi 2.5 wako haubebi 24 tena, unabeba 19, nawe unaupitishia 27, kabla hata mtu hajachomeka pasi kwenye soketi za laini hiyo hiyo. Joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo 27 badala ya 19 ni joto maradufu. Mahali waya ungepanda nyuzi 25 na kufika 70, ambayo ndiyo mwisho wa PVC, sasa unapanda kama 50 na kukaribia 95. Ndiyo harufu hiyo. Fundi amesema kweli kuhusu joto la Mombasa, ila hiyo ni sababu ya kuweka waya mnene, si ya kuuacha mwembamba.

Dawa yake: nyaya tatu za 6, yaani laivu, nyutro na ardhi, kutoka bodi hadi shawa bila kupita kwenye soketi yoyote, ndani ya paipu yake peke yake. Kwenye paipu ya milimita 25 nyaya huvutika kwa urahisi kuliko kwenye ya 20. Kwa nyuzi 45 waya wa 6 hubeba ampea 32.4, hivyo breka ya 32 inafaa. Fundi akikuambia atapitisha laini nyingine humo humo ili aokoe paipu, kataa. Laini mbili kwenye paipu moja huzidishwa tena kwa 0.8, na 6 inashuka hadi karibu 26. Hapo breka ya 32 ni kubwa kuliko waya, na ya 25 inaweza kuruka mtu akioga kwa muda mrefu. Ukilazimika kuchangia paipu, panda hadi waya wa 10.

Swichi ya shawa iwe ile ya ampea 45 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, nje ya bafu. Kwenye bodi pawe na RCD ya miliampea 30, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja. Usiipuuze hiyo, hasa kama maji yako ni ya kisima. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na kwenye shawa nyingi za bei nafuu koili imelala ndani ya maji bila ganda lolote. Kuna aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Kwenye kichwa cha shawa unga kwa konekta ya kauri, si ya plastiki. Ule waya wa zamani uvutwe utoke wote. Ganda lililopikwa huwa gumu na hupasuka likikunjwa, hata kama nje linaonekana zima. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya), na ukimwomba akuonyeshe kadi yake hujamkosea adabu.

*Nina pampu ya kisima, wati 1100, iko mita 60 kutoka bodi hadi ilipo kisimani. Asubuhi inawaka vizuri, jioni inanguruma tu haizunguki. Waya ni 1.5. Muuzaji asema 1.5 hubeba ampea 17 na pampu inakula 8 tu. — Mkulima wa mboga, Utange*

Muuzaji ana haki kuhusu joto la waya, lakini umbali hakuuhesabu. Kila mita ya waya hula volti kidogo. Kwa kila ampea na kila mita ya safari (kwenda na kurudi vimeshahesabiwa humo), waya wa 1.5 hupoteza milivolti 29, wa 2.5 milivolti 18, wa 4 milivolti 11, wa 6 milivolti 7.3. Kwako ni 29 mara 8 mara 60, karibu volti 14. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 ya 240, yaani volti 12. Kwa taa ni asilimia 3, volti 7.2.

Hapo pampu tayari inazunguka. Mota ikianza huvuta mara nne au zaidi, tuseme ampea 32, na waya wako unapoteza karibu volti 56. Jioni, majirani wakiwa wamewasha kila kitu na volti za mtaa zimeshuka, mota haipati nguvu ya kuanza. Inanguruma, inapata moto, na mwishowe koili inaungua. Waya wa 2.5 ungepoteza 35 wakati wa kuanza, wa 4 ungepoteza 21. Weka 4. Sehemu ya ardhini iwe kebo yenye ganda la waya za chuma, nusu mita au zaidi chini, na utepe wa onyo juu yake kabla ya kufukia. Jembe halijui kebo ilipo.

*Ndugu yangu aliye ughaibuni ameniletea nyaya za inveta zilizoandikwa 8 AWG. Inveta ni ya wati 1000, betri ya volti 12. Nambari 8 si kubwa kuliko 6 ninayoijua? — Kijana wa Mikindani*

Hapana, hicho ni kipimo cha Kimarekani na kinakwenda kinyume: nambari ikipanda, waya unakonda. Ukishuka nambari tatu shaba inakuwa maradufu. Nambari 14 ni milimita za mraba 2.1, 12 ni 3.3, 10 ni 5.3, 8 ni 8.4, 6 ni 13.3, 4 ni 21.2, na 2 ni 33.6. Kwa hiyo “4” ya Kimarekani ni zaidi ya mara tano ya “4” ya dukani kwetu. Kuna pia kipimo cha zamani cha Kiingereza, SWG, ambacho nambari zake hazilingani na za Kimarekani. Kwenye nyumba kongwe za Mji wa Kale unaweza kukuta maandishi kama 7/.029: nyuzi saba, kila moja kipenyo cha inchi 0.029, jumla karibu milimita za mraba 3.

Nyaya zako ni nyembamba mno. Wati 1000 kwa volti 12, pamoja na kinachopotea ndani ya inveta, ni ampea 90 hadi 100. Tumia waya laini wa 35, usizidi mita moja na nusu kila upande, vichwa vibanwe kwa mashine, si kwa nyundo, na fyuzi ya 125 ikae karibu kabisa na betri. Weka betri chumbani penye hewa, si darini. Nyaya za ndugu yako zihifadhi kwa taa za sola.

*Nimeuziwa rola ya 2.5 kwa bei rahisi sana. Nitajuaje kama ni shaba? — Changamwe*

Ipime uzito. Mita 100 za 2.5 zina shaba ya kilo 2.2 kabla ya ganda. Rola nzima ikiwa chini ya hapo, hiyo si shaba kamili, huenda ni alumini iliyopakwa shaba. Kisha kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, umeshapata jibu. Pima kipenyo kwa vernia (kifaa cha kupimia unene): 2.5 ya uzi mmoja ni milimita 1.78, ya nyuzi saba kila uzi ni 0.67. Siku hizi shaba hupunguzwa hapa pia, nyuzi saba zipo lakini kila mmoja ni mwembamba, na ganda limeongezwa unene ili usishtuke. Ukiwa na mita nzuri ya kupimia omu, rola ya shaba ya mita 100 husoma kama omu 0.75, ya alumini iliyopakwa hufika kama 1.1. Toa kwanza usomaji wa nyaya za mita yenyewe. Alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) itafute kwenye waya, si kwenye karatasi ya kufungia tu.

*Nyumba ina waya mwekundu na mweusi, fundi ameongeza kahawia na buluu. Kuna tatizo? — Tudor*

Nyekundu na kahawia ni laivu, nyeusi ya zamani na buluu ni nyutro. Hatari iko kwenye umeme wa fezi tatu, wenye laivu tatu: katika rangi mpya nyeusi ni laivu. Kwenye bodi iandikwe kwamba kuna rangi za aina mbili.

*Nakaanga chipsi kwa fraya ya wati 3000 kwenye ekstensheni ya kuzungusha. Yatosha? — Kongowea*

Ni ampea 12.5. Waya wa ekstensheni uwe 1.25 au zaidi, na uukunjue wote. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu joto halina pa kutokea, ndiyo maana kibandiko huandika viwango viwili, na mara nyingi kile cha waya uliozungushwa hakifiki hata nusu ya kile kingine. Bora zaidi, vuta soketi karibu na jiko.