Wageni wa Meli na Siku Moja ya Malindi: Anza na Saa ya Kurudi

Juzi kijana mmoja wa Watamu aliniandikia. Ana leseni yake ya kuongoza watalii, ana rafiki mwenye gari aina ya Noah, na amepata wageni wake wa kwanza wa meli: familia ya watu watano watakaoteremka Kilindini, bandari ya Mombasa, msimu huu wa kaskazi. Ombi lake lilikuwa fupi: "Dada, nitumie ratiba yako ya siku ya Malindi, mimi nitaifuata tu."

Sikumtumia, na sikumnyima kwa uchoyo. Ratiba ya meli moja haiifai meli nyingine. Ninachoweza kumpa ni namna ya kuipanga, na kwa kuwa najua mko wengi mnaoitaka kazi hii, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, naandika hapa tusome sote.

Kwanza mjue nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Shela ya Malindi, nimelelewa karibu na yale makaburi ya mnara ya Msikiti wa Juma. Kazi ya wageni wa meli niliianzia Mombasa, katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nasimama Kilindini na kibao mkononi, nahesabu vichwa, nawapandisha watu mabasi ya Fort Jesus na Shimba Hills. Kila nilipopendekeza Malindi iwe moja ya safari zetu, meneja alinijibu lile lile: mbali. Siku moja akasema mbele ya madereva wote, "Wewe mama unatafuta nauli ya kwenda kwenu." Watu wakacheka. Msimu uliofuata sikuitwa. Miaka imepita na bado yale maneno yananiuma, kwa sababu yule bwana hakuwahi kukaa na kalamu akazihesabu saa. Angezihesabu angegundua kwamba kuna meli ambazo Malindi haiwezekani kabisa, na kuna meli ambazo Malindi inawezekana na nafasi ikabaki.

Mwezi uliopita nililipata jibu langu. Walimu wastaafu kutoka Uholanzi, wengi wao wamepita miaka sabini, waliamka Kilindini asubuhi, wakala chakula cha mchana Malindi, wakatembea magofu ya mji wa kale wa Gedi, na usiku ulipoingia walikuwa wamerudi melini wanaoga. Mmoja wao amenitumia barua ndefu ya shukrani. Nimeichapisha kwenye karatasi na kuiweka ukutani, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa hesabu. Mgeni akikuandikia, usikimbilie kumuuliza anapenda nini. Muulize meli inafunga ngazi saa ngapi. Saa ya kuondoka meli ni moja, na saa ya wote kuwa ndani ni nyingine, mara nyingi nusu saa au saa nzima kabla. Unayoitaka wewe ni hiyo ya pili. Ukiipata, rudi nyuma kutoka hapo. Wale walimu walitakiwa wawe ndani saa mbili usiku. Mimi huwa sikubali kufika getini chini ya saa moja na nusu kabla. Kwa hiyo kwangu mwisho wa siku ulikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Kutoka Gedi hadi Kilindini ni kama kilomita 100, na barabara ile inaweza kukuchukua saa mbili, inaweza kukuchukua tatu: kuna Kilifi, kuna Mtwapa ambako magari hujazana wakati wowote, kuna ukarabati wa barabara, kuna daraja la Nyali na mji wenyewe. Nahesabu tatu, naongeza nusu saa ya akiba. Basi Gedi tuondoke saa tisa alasiri. Gedi inahitaji saa moja na nusu ya mtu mzima anayetembea polepole, tufike saa saba na nusu. Malindi hadi Gedi ni nusu saa, tuondoke Malindi saa saba. Na asubuhi? Walitoka getini saa moja na nusu, wakafika Malindi saa nne na dakika chache. Walipata karibu saa tatu nzima za mji.

Chukua meli nyingine: watu wanatoka saa tatu asubuhi, ngazi inafungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Fanya hesabu ile ile uone. Malindi haipo. Hapo mgeni akikubembeleza mwambie hapana, umpeleke Jumba la Mtwana pale Mtwapa, au magofu ya Mnarani juu ya hori ya Kilifi, arudi ametulia. Nimewahi kukataa kundi zima kwa sababu ya saa moja tu iliyopungua, na nilikuwa naihitaji ile pesa.

Kwa nini nashikilia hivi? Kwa sababu mgeni aliyenunua safari ndani ya meli, basi lake likichelewa, kwa kawaida meli humngoja. Aliyekuja na wewe hangojwi. Kesho ile meli inatakiwa bandari nyingine, na nahodha hawezi kuisimamisha kwa ajili ya gari dogo lililokwama Mtwapa. Mgeni atabaki gatini na mkoba wa mgongoni, na gharama ya kuifuata meli hadi Zanzibar au Ushelisheli ni yake. Mwambie jambo hili waziwazi kabla hajakulipa. Wengine mnaficha mkiogopa atakimbia. Wangu hawajakimbia. Huniamini zaidi.

Jambo la saa lina mtego mwingine. Andika kila saa kwa njia zote mbili, saa mbili usiku na 20:00, katika karatasi ya mgeni na ya dereva. Dereva akisikia "saa nane" ni mchana, mgeni anamaanisha asubuhi. Tena meli inayotoka Ushelisheli inaweza kuwa bado inatumia saa za kule, ambazo ziko mbele yetu kwa saa moja. Mnapokutana getini, kabla hata ya salamu kwisha, waombe wakuonyeshe karatasi ya siku waliyopewa melini, mlinganishe saa zenu.

Kuhusu geti: gari lisilo na kibali haliingii bandarini. Kubaliana na wageni mahali hasa pa kukutana nje, uwatumie picha ya mahali hapo na picha ya gari. Hakikisha leseni yako ya TRA, ile mamlaka ya kusimamia utalii, iko hai na gari lina bima ya kubeba abiria. Hayo mnayajua.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo kazi yenyewe. Nenda mbali kwanza, halafu uwe unarudi. Waongozaji wengi hufanya kinyume: wanasimama Mtwapa, wanasimama Kilifi wanunue korosho, wanaingia Gedi, wanafika Malindi saa nane wamechoka, na sasa wana kilomita 120 mbele yao na hakuna cha kupunguza. Mimi asubuhi sisimami ila choo, na choo chenyewe nimekipanga kwa jina. Tunafika Malindi moja kwa moja. Vituo vingine vyote viko njiani kurudi, kila kimoja kinatusogeza karibu na meli, na kila kimoja naweza kukiacha. Siku ya wale walimu niliweka Mnarani mwishoni, dakika arubaini tu. Tulipopita Kilifi dereva alipigiwa simu na mwenzake kwamba lori limeharibika kabla ya Mtwapa na magari yamesimama. Niliwaambia wageni Mnarani hatuingii, nikawaeleza sababu, hakuna aliyenung'unika. Tulipoteza zaidi ya saa moja pale barabarani. Tulifika getini saa moja kasoro, na ngazi ilikuwa wazi hadi saa mbili. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kama nilijua lori litaharibika. Nilimwambia kila safari nahesabu kwamba kuna lori.

Malindi yenyewe usiijaze. Naona matangazo ya vijana mtandaoni: nguzo, makumbusho, soko, hifadhi ya bahari, korongo la Marafa, Mto Sabaki, yote siku moja, kwa watu wa meli! Marafa peke yake itakula siku. Mimi nachukua Nguzo ya Vasco da Gama, mji wa zamani kwa miguu, na chakula. Basi. Ila pale nguzoni nakaa, kwa sababu pana kisa kinachoelezea safari yao wenyewe: Aprili 1498 Wareno walifika hapa wakiwa wametoka Mombasa ambako hawakupatana na wenyeji, na Sultani wa Malindi, aliyekuwa na uhasama wake na Mombasa, akawapokea na kuwapa rubani wa kuwavusha hadi India. Wageni waliolala Mombasa usiku uliopita wakisikia hivyo, barabara waliyopita asubuhi inapata maana. Na tafadhali, acheni kuwaambia kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid kana kwamba ni jambo lililothibitishwa. Wataalamu wengi hawakubali. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amesoma habari hiyo kabla ya kuja, na alinipima kwa swali hilo hilo.

Bahari nawaachia wenye siku mbili. Mashua za kioo katika hifadhi ya bahari, na ule mchanga wa Mayungu wanaouita Sardinia Two, hutegemea maji kupwa, na maji hayajui ngazi inafungwa lini. Kila siku wakati wa kupwa husogea mbele kwa kama dakika hamsini, kwa hiyo picha nzuri aliyopiga mtu wiki iliyopita saa nne haikuhusu wewe. Mvua zikinyesha bara, Mto Sabaki humwaga udongo na maji ya mbele ya mji huwa mekundu. Mgeni aliyeahidiwa buluu hatakusamehe. Kama meli inalala Mombasa usiku mmoja, hapo sawa, angalia jedwali la maji kwanza ndipo upange mengine yote.

Chakula agiza jana yake. Piga simu, taja idadi, taja nani hali nini, taja saa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka vikianza kupikwa mkishakaa mezani, umepoteza saa nzima ambayo ulihitaji Gedi. Ijumaa uliza mapema, maana mpishi, dereva na mlinzi wote wanakwenda kuswali mchana, na ni haki yao. Mimi Ijumaa hutanguliza chakula. Mwezi wa Ramadhani tafuta hoteli inayohudumia mchana, wala usiwatembeze wageni mjini na chupa za maji mdomoni.

Gedi sasa. Imeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na tangu hapo naulizwa zaidi. Malipo ya kiingilio siku hizi ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na mtandao unaweza kukwama mlangoni watu wamesimama juani, kwa hiyo jiandae mapema, kila jina na kila uraia uwe tayari. Ndani kuna kivuli cha miti mikubwa, ndiyo maana saa nane mchana hainitishi. Kima watakuja, chakula kibaki garini. Nawaonyesha kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, halafu msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima na vyoo. Nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri. Mzee akisimama mbele ya Nyumba ya Mkasi huanza kuuliza nani alishona, alishona nini. Mpe muda wa kuuliza. Ninyi mnaowapeleka mbio dakika ishirini ili muwahi duka la vinyago linalowapa kamisheni, mnaniumiza. Mgeni wa meli ana saa chache za nchi yetu maishani mwake. Ukiziuza kwa asilimia kumi ya kinyago, umemwibia. Umeniibia na mimi, maana akirudi melini atawaambia wenzake Malindi ni maduka. Jamani, tuwaheshimu watu hawa. Tuwaheshimu na walinzi wa Gedi, tuwasalimie kwa adabu, tuwalipe wenye mashua bei ya haki bila kuwakamua. Sifa ya mji wetu tunaijenga kwa mgeni mmoja mmoja.

Mwisho ni pesa, na hapa vijana wengi huanguka. Meli inaweza kuiruka Mombasa. Upepo, ratiba, lolote, na mgeni mwenyewe huambiwa akiwa baharini. Mimi huchukua malipo ya awali yanayotosha mafuta na kuagiza chakula tu, yaliyobaki hulipwa getini Kilindini asubuhi. Naandika katika ujumbe wa kwanza kabisa: meli isipofika, mgeni anarudishiwa fedha yake, isipokuwa kile ambacho kimekwisha kulipwa na hakirudi, na risiti yake namtumia. Mwenye gari naye tunakubaliana mapema atapata nini siku hiyo ikiharibika, kwa sababu ameikataa kazi nyingine kwa ajili yangu. Yaandikeni haya kwa WhatsApp, wote watatu, kabla shilingi ya kwanza haijaingia.