Ukichora baba anapigana na mwanawe, usiisahau radhi

Vijana wanaoniletea kazi zao hapa Chake Chake siku hizi wengi wanataka kuchora kisa kimoja: shujaa mwenye nguvu za ajabu anapambana na mtoto wake wa kumzaa, aliyehama nyumbani kwa ugomvi. Sishangai. Ni kisa kizito, na kinampa mchoraji uwanja wa kuonyesha mkono wake, minazi ing'oke, bahari ichafuke, mabati yaruke. Mimi nimechora katuni ndefu ya namna hiyo, ya baba mchuma karafuu na mwanawe, na bado napokea maneno ya watu kuhusu kurasa zake. Kwa hiyo nitasema ninaloliamini.

Kwa msomaji wa kwetu, nguvu kubwa kuliko zote katika kisa hicho si ngumi ya baba wala uwezo wa mtoto kuruka angani. Ni radhi.

Tangu Superman atoke Marekani mwaka 1938 tumezoea shujaa anayepimwa kwa uzito anaouinua. Mtoto akimpiga babake kwenye katuni za huko, swali linakuwa nani kamshinda mwenziwe. Msomaji wa Wete au wa Makunduchi anauliza jambo jengine kabisa: kijana huyu ataishi vipi baada ya hapo? Mamake anasemaje? Baba keshatamka neno?

Nilimpa mzee mmoja, mvuvi, ukurasa ambao wino wake ulikuwa haujakauka. Pigano zima la juu ya mikarafuu alilipita upesi. Kidole chake kikasimama kwenye kisanduku kidogo cha pembeni, baba kafunua mdomo na kiputo cha maneno ni kitupu. Akaniuliza, "Hapa anataka kusema nini?" Nikamjibu, anataka kumlaani mwanawe, lakini bado hajasema. Akatikisa kichwa. "Basi mwanangu, asiseme. Akishasema, hukubakiwa na hadithi." Kisanduku kile leo kinachukua nusu ya ukurasa.

Fanya hivyo hivyo na wewe. Liweke neno la baba mdomoni, lisitoke. Kila pigo la mtoto lisogeze neno hilo karibu na ulimi, na msomaji atafunua ukurasa kwa hofu ambayo hakuna mlipuko wa rangi unaoweza kuileta.

Ugomvi wenyewe utafutie sababu ambayo kila mmoja ana haki yake ndani. Mtoto mbaya tu, aliyeharibika bila ya sababu, hachoshi kumpiga na hachoshi kumsahau. Mimi nilichukua magendo ya karafuu, kwa sababu Pemba hakuna nyumba isiyoyajua. Mnunuzi halali wa karafuu alikuwa serikali, bei yake ilipokuwa chini watu walivusha magunia kwa dau usiku kupeleka Kenya kulikokuwa na bei nzuri. Katika katuni yangu baba anayalinda mashamba na pwani kwa nguvu alizopewa, na mtoto ndiye anayevusha. Mtoto ana hoja: kamwona mamake akichambua karafuu hadi vidole vikawa vyeusi, na fedha ya dawa haikutosha. Baba naye kala kiapo. Wasomaji wameniandikia wakigawana, wengine kwa baba, wengine kwa mwana, na mgawanyiko huo ndio nilioutaka.

Halafu, kabla ya pigano, tuonyeshe walivyokuwa. Hapa ndipo vijana wengi wanapofanya haraka, na hapa ndipo ningekuomba ukae. Nilichora baba akimfundisha mwanawe kutumia ngoe, fimbo yenye ncha iliyopinda: unaining'iniza kwenye tawi, unalivuta taratibu mpaka kishada kifike mkononi, hulivunji, maana tawi likivunjika mwakani hulipati. Mtoto ana miaka kama minane, mguu mmoja uko kwenye panda la mti, baba kamshika kisigino kwa kiganja. Kurasa nyingi baadaye, pwani, mtoto anamvuta babake kwa mvuto ule ule, wa taratibu, kiwiko kikiwa karibu na ubavu. Sikuandika neno hata moja hapo. Mtu aliyemfundisha mwanawe ndiye anayelijua kila pigo kabla halijafika, na uso wa baba uchore ukijua.

Ukihitaji mfano wa kisa hiki kwetu, unao tangu zamani: Fumo Liyongo. Shujaa asiyepenywa na mkuki wala mshale, na anayemuua ni mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya kuahidiwa makubwa na mtawala wa Pate. Watu hukumbuka sindano, na hukumbuka alivyokufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, mji ukakosa maji kwa kumuogopa maiti. Mimi jambo linalonikaa ni lile la kabla yake. Mtoto anamuuliza babake kitu gani kinaweza kumuua, baba anashuku, na bado anamjibu. Hapo hakuna aliyeinua mkono, na hakuna kurasa za mapigano zinazofikia uzito wa jibu lile. Katuni yako nayo iwe na ukurasa wa swali kama hilo, wanakula au wanatengeneza nyavu, taa ndogo, sauti za kawaida.

Kuhusu miili inayopigana, usinakili misuli ya katuni za nje. Nenda Makunduchi mwezi wa Julai, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume wanapochapana kwa migomba kutoa vinyongo vya mwaka. Angalia miguu inavyotafuta ardhi, na angalia namna mtu anavyompiga jamaa yake anayempenda: bega linakwenda kwa nguvu, mkono unachelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko utakakokuchora.

Na mwisho wake usiwapatanishe kwa kukumbatiana kwenye kifusi. Kwetu baba na mwana waliofika huko hawarudiani wenyewe, lazima apatikane mtu wa kati. Katika katuni yangu ni mjomba, mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu, anayekwenda kwa baba mara ya kwanza akafukuzwa, anakwenda kwa mtoto akapewa chai na kimya, kisha anarudi tena kwa baba, safari hii na kofia mkononi na wazee wawili wa mtaa. Mazungumzo ya barazani yana kurasa nyingi kuliko pigano la pwani. Wapo walioniambia niyafupishe. Sikuyafupisha, na nakushauri na wewe umpe mjomba wako kurasa za kutosha, umchore kwa uangalifu ule ule uliompa shujaa, kwa sababu radhi ikitoka, itatoka mbele yake.