Njia ya Changarawe Isiyo na Magari: Jua Kwanza Ilijengwa kwa Ajili ya Nini

Anayetaka kuanza safari za baiskeli kwenye njia za changarawe huuliza kwanza habari za baiskeli: anunue ipi, ya uzito gani, yenye gia ngapi. Maswali hayo yana nafasi yake na nitayafikia, lakini baada ya miaka mingi ya kupita milimani, misituni na katika mashamba yenye historia ndefu, mimi siku hizi huanza na njia yenyewe: nani aliijenga, na alikusudia kupitisha nini? Karibu kila njia ndefu isiyo na magari mengi ni masalio ya kazi nyingine. Palipita treni, au nyumbu wa jeshi, au mikokoteni ya wakulima, au malori ya magogo ambayo pengine bado yanapita. Ukishalijua hilo, unaweza kukadiria ukali wa miinuko, ukubwa wa kokoto, na hata mahali utakapokutana na giza, kabla hujajaza upepo kwenye matairi.

Kwa anayeanza, napendekeza njia za reli za zamani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko mkubwa, kwa hiyo wahandisi walilazimika kuizungusha njia ubavuni mwa milima, kukata miamba, kujaza mabonde na kutoboa mahandaki, ili kwa kawaida mwinuko usizidi mita mbili au tatu katika kila mita mia. Reli ikishang'olewa, jasho lile lote humfaidisha mwendesha baiskeli. Great Allegheny Passage nchini Marekani, yenye urefu wa kilomita 240 hivi kati ya Pittsburgh na Cumberland, huvuka milima ya Allegheny bila kilima hata kimoja cha kukulazimisha ushuke na kusukuma. Lakini pande zake mbili hazilingani. Anayetoka Cumberland hupanda zaidi ya mita 500 katika kilomita 38 hivi hadi kileleni, mita 729 juu ya usawa wa bahari, ilhali anayetoka Pittsburgh hukipanda kimo kinachokaribia hicho kwa kilomita 200 hivi, na sehemu kubwa hatambui kwamba anapanda. Kwa hiyo utazame mchoro wa miinuko ya njia kabla ya kuamua uanzie wapi.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba mwinuko wa reli haukupi pumziko. Kwenye barabara ya kawaida unapanda kwa nguvu, kisha unateremka na miguu inapoa. Kwenye njia ya reli unaweza kukanyaga pedali saa nzima bila kuiacha hata kidogo, umekaa namna ileile, uzito wako wote ukiwa mahali palepale kwenye kiti. Mtu haishiwi pumzi, bali huanza kuumwa mgongo, viganja na makalio. Simama juu ya pedali kila baada ya dakika chache hata kama hujachoka, badilisha mahali unaposhika usukani, na ushuke kunyoosha mwili kabla maumivu hayajaanza.

Wala si njia zote za reli zilizo laini. Ile ya Parenzana, iliyounganisha Trieste (Italia) na Poreč (Kroatia) kwa kilomita 123 kuanzia mwaka 1902 hadi 1935, ilikuwa ya upana mdogo wa milimita 760, na reli nyembamba huweza kupinda kona kali kuliko reli pana. Ndiyo maana njia hiyo hujikunja kunja chini ya miji ya kale ya vilimani kama Grožnjan na Motovun upande wa Kroatia. Mandhari yake ni ya kupendeza mno, lakini kuna vipande vyenye mawe makubwa yaliyolegea, na mwenye matairi membamba atayaona mawe hayo kuliko atakavyoiona miji.

Kisha kuna mahandaki. Vía Verde de la Sierra, kusini mwa Hispania, ina mahandaki 30 katika kilomita 36 tu, kwenye njia iliyojengwa kwa ajili ya treni ambayo haikuwahi kupita. Kwenye Great Allegheny Passage, handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita moja hivi, hufungwa majira ya baridi, na asiyelifahamu hilo hujikuta mlimani hana pa kupitia. Ukiingia handakini kutoka kwenye jua kali, macho huchelewa kulizoea giza, na katika muda huo mfupi baiskeli imeshakwenda mita kadhaa bila wewe kuona chochote. Maji hudondoka kutoka juu na kuchimba vishimo kwenye changarawe, na baridi hukupata kifuani palipokuwa na jasho. Mimi huvua miwani ya jua kabla sijafika mlangoni, huwasha taa ya mbele na ya nyuma, hupunguza mwendo hadi ule wa mtu anayekimbia polepole, na huita kwa sauti ili aliye ndani anisikie. Taa za handaki zikiwaka, ni heri, lakini usizitegemee.

Barabara ya msituni ni habari nyingine kabisa. Imejengwa kwa ajili ya malori yaliyosheheni magogo, kwa hiyo kona zake ni pana, msingi wake ni wa mawe makubwa ili lori lisizame, na mwinuko wake unaweza kufika mita kumi katika kila mita mia au zaidi, kwa sababu injini ya lori huyaweza yale ambayo treni haikuyaweza. Ikiwa imemwagwa mawe karibuni, tafuta ile mistari miwili iliyokandamizwa na magurudumu ya lori na ukae humo. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye ramani. Aliyeijenga alitaka kuifikia miti, hakuwa na haja ya kutokea upande wa pili wa mlima, na kwa hiyo barabara nyingi za msituni huishia kwenye uwanja wa kupakia magogo. Ncha mbili za barabara zinazoonekana kukaribiana kwenye ramani huenda zikatenganishwa na korongo lisilovukika. Muda mwingi wa maandalizi yangu hupotelea hapa: nakuza picha za satelaiti, nafuata mstari wa njia kipande kwa kipande, na pale miti inapoufunika kabisa naandaa njia mbadala tangu nyumbani.

Ukikuta kizuizi chenye tangazo kwamba miti inakatwa, rudi ulikotoka, hata kama husikii msumeno. Usikae wala kupanda juu ya rundo la magogo ili upumzike au upige picha. Gogo moja likiteleza, mengine hulifuata. Siku za mapumziko ya wiki misitu mingi huwa haina malori, nami safari zangu za msituni huzipanga siku hizo.

Barabara za kijeshi za milimani nazipenda kuliko zote. Kati ya Italia na Ufaransa, Alta Via del Sale hupita sehemu kubwa juu ya mita 1,800 kwa mwinuko ambao nyumbu na mizinga viliweza kuuvumilia, na baiskeli nayo huuweza. Magari hayaruhusiwi siku fulani za wiki, hivyo angalia ratiba ya msimu husika na uchague siku hizo. Huko juu hakuna mti wa kujikinga na radi, na dhoruba za kiangazi milimani huzuka hasa alasiri. Anza alfajiri ili sehemu ya juu uwe umeivuka kabla ya adhuhuri.

Kwenye mashamba ya Toscana, nchini Italia, barabara nyeupe za changarawe zilijengwa kuunganisha mashamba na vijiji vilivyo juu ya vilima. Mwaka 1997 huko Gaiole in Chianti ulianzishwa msafara wa baiskeli wa L'Eroica, ambao umechangia sana kuzitetea barabara hizo zisifunikwe lami, na mimi naona huo ni utumishi mkubwa kwa kila mpenda baiskeli. Hapa miinuko ni mifupi na mikali, na gari la mkulima hupita mara mojamoja. Barabara za Kirumi, kama Via Appia iliyoanza kujengwa mwaka 312 KK, zina mawe makubwa yasiyo sawa yaliyochakaa. Pale yalipobaki wazi, kuendesha juu yake ni kujitesa, na kutembea ukisukuma baiskeli hukupa nafasi ya kuyatazama vizuri.

Sasa baiskeli. Matairi yenye upana wa milimita 40 hadi 45 yanatosha kwa karibu kila njia niliyoitaja, na upepo wake ndio unaoleta tofauti kuliko chapa ya baiskeli. Tairi lililojazwa sana hudunda juu ya kokoto na kupoteza mshiko. Lililolegea mno huacha rimu igonge jiwe. Kwa mtu wa kilo 70, mimi huanza na psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 30 hadi 35, tairi la nyuma likizidi kidogo, kisha napunguza au kuongeza baada ya kilomita za kwanza. Gia nyepesi kabisa iwe na meno machache mbele kuliko nyuma, kwa mfano 30 mbele na 36 nyuma.

Wakati wa kuteremka, punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imesimama wima, kisha uachie breki unapopinda. Breki inayofungwa katikati ya kona juu ya kokoto ndiyo inayowaangusha wengi. Legeza mikono, tazama mbele mahali unapotaka kwenda, na uiache baiskeli icheze kidogo chini yako.

Geti liache ulivyolikuta. Watembea kwa miguu na wapanda farasi waite mapema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu na siyo kwa kengele peke yake, kwa sababu farasi hutulia zaidi anapotambua kwamba anayekuja ni binadamu. Kwenye malisho ya milima ya Alps na Pyrenees kuna mbwa wakubwa wanaolinda kondoo hata mchungaji asipokuwepo, nao huiona baiskeli iendayo kasi kuwa shambulio. Shuka, iweke baiskeli kati yako na mbwa, zungumza kwa sauti ya kawaida bila kumkazia macho, na ulizunguke kundi kwa mbali hata kama itakubidi utoke njiani. Usipande tena mpaka mbwa awe amerudi kwa kondoo wake.